Mwanafunzi Anapomtia Mwalimu Wake Alama

Katika vyuo vingi vya sheria duniani, juma la mwisho la muhula huleta jambo ambalo wazee waliosoma chini ya kiboko wangelistaajabia mno. Mwalimu huombwa atoke nje. Karatasi hugawanywa, na wanafunzi ambao kwa miezi mitatu au minne wamekuwa wakipewa alama huketi sasa kumpa alama mwalimu wao. Siku hizi mahali pengi karatasi imeondolewa na fomu hujazwa katika kompyuta au simu, lakini maswali ni yale yale. Je, mwalimu alifika darasani akiwa amejitayarisha? Alieleza mambo kwa uwazi? Alisahihisha kwa haki? Kazi aliyotoa ilikuwa nyingi kupita kiasi? Kila swali hujibiwa kwa tarakimu, aghalabu kuanzia 1 hadi 5, na chini huachwa nafasi ya maneno machache. Jina la mwanafunzi haliandikwi.

Kwa mwanafunzi hiyo ni kazi ya dakika kumi. Kwa mwalimu wa mkataba, ambaye ajira yake huangaliwa upya kila mwaka, dakika hizo kumi zaweza kuwa ndizo kodi ya nyumba na karo ya watoto wake. Wakuu wa kitivo hujumlisha tarakimu, hutafuta wastani, kisha huuweka wastani huo mezani siku ya kujadili nani apandishwe cheo na nani aagwe. Ndiyo maana si upuuzi kuuliza fomu hiyo hupima nini hasa, na swali hilo huwa zito zaidi linapohusu somo kama sheria ya kimataifa ya mazingira, ambalo matunda yake hayaonekani upesi.

POLISI WAKO WAPI?

Somo lenyewe ni mkusanyiko wa mikataba, itifaki, hukumu na desturi zinazoziongoza nchi katika kutumia ardhi, maji, hewa na viumbe bila ya kumdhuru jirani. Walimu wengi hulianza kwa kisa cha moshi. Katika mji wa Trail, nchini Kanada, palikuwa na kiwanda kikubwa cha kuyeyushia madini ya zinki na risasi. Moshi wake wenye salfa ulifuata bonde la mto Columbia, ukavuka mpaka, ukaunguza mazao na misitu katika jimbo la Washington, Marekani. Baada ya mabishano ya miaka mingi serikali hizo mbili zilikubali kuliweka shauri mbele ya baraza la waamuzi. Tarehe 11 Machi, 1941, baraza lilitoa uamuzi wake wa mwisho kwamba hakuna nchi yenye haki ya kutumia ardhi yake, au kuiacha itumiwe, kwa namna ambayo moshi utaleta madhara makubwa katika nchi ya mwingine.

Kutoka katika moshi huo mmoja kumeota mti mkubwa. Mwaka 1972 mataifa yalikutana Stockholm, Sweden, yakaikubali kanuni hiyo kwa upana zaidi, na katika mwaka huo huo likaundwa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ambalo makao yake yaliwekwa Nairobi. Mwaka 1987 ikaja Itifaki ya Montreal ya kuzuia kemikali zinazotoboa tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Oktoba 2016 itifaki hiyo iliongezewa sehemu mpya mjini Kigali, inayohusu gesi za majokofu na mitambo ya kupoza hewa. Mama wa nyumbani anayenunua jokofu leo, ajue asijue, ananunua chombo ambacho gesi yake imekwisha kujadiliwa na wanasheria wa dunia nzima. Na maji ya Ziwa Viktoria yanayotoka Jinja kuelekea kaskazini yana mkataba wake pia, uliofunguliwa kutiwa saini Entebbe tarehe 14 Mei, 2010, na kuanza kufanya kazi tarehe 13 Oktoba, 2024, ijapokuwa Misri na Sudan hazikuutia saini.

Mwanafunzi aliyezoea sheria ya jinai hufika hapa akashikwa na mshangao. Katika sheria ya jinai kuna kosa, kuna askari wa kumkamata mkosaji, kuna hakimu na kuna gereza. Hapa polisi wako wapi? Ikiwa nchi kubwa itakataa kutii, nani atakwenda kuigongea mlango? Swali hilo ni la haki kabisa, na mwalimu mwema halikimbii. Sehemu ya jibu lake inawahusu wasomaji wa gazeti hili moja kwa moja. Mkataba wa mwaka 1973 unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini hauna hata askari mmoja wake wenyewe. Wanaoutekeleza ni maofisa wa forodha, askari wa wanyama pori na polisi wa kila nchi. Koplo anayefungua sanduku uwanja wa ndege na kukuta pembe za ndovu ndiye mkono wa mkataba huo. Vilevile Itifaki ya kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa katika Mikataba ya Geneva, inamkataza askari jeshi kutumia njia za vita zinazokusudiwa, au zinazoweza kutazamiwa, kuleta madhara makubwa, mapana na ya muda mrefu kwa mazingira ya asili. Kwa hiyo polisi wako. Ila hawavai sare ya Umoja wa Mataifa, wanavaa sare za nchi zao.

Hata hivyo jibu hilo halimridhishi kila mtu, maana liko swali la nchi yenyewe inapokuwa ndiyo mkosaji. Mwalimu huweza kuonyesha kwamba Itifaki ya Montreal imekubaliwa na nchi zote za dunia na imefanya kazi yake bila ya bunduki. Kisha huweza kuonyesha mikataba mingine ambayo imebaki karatasi. Mwanafunzi hutoka darasani akiwa na maswali mengi kuliko aliyoingia nayo.

HASARA YA KUMFIKIRISHA MTU

Hapo ndipo fomu inapoanza kumwelemea mwalimu wa somo la namna hii. Kusoma mikataba ni kazi ya kuchosha. Vifungu ni virefu, lugha yake imepimwa kwa mizani ili kila nchi iikubali, na jibu la maswali mengi huwa "inategemea". Mtihani aghalabu ni mmoja tu, mwisho wa muhula, na fomu hujazwa kabla yake. Maana yake ni kwamba mwanafunzi hutoa hukumu juu ya mafundisho kabla hajajipima kama ameyaelewa.

Tena vyuo vya sheria vina desturi yao ya kufundisha kwa maswali. Desturi hiyo yahusishwa na Christopher Columbus Langdell, aliyekuwa mkuu wa kitivo cha sheria cha Harvard, Marekani, tangu mwaka 1870. Badala ya kusoma hotuba, mwalimu humwita mwanafunzi kwa jina, humtaka aeleze shauri fulani, na kila anapojibu humrushia swali jingine mpaka jasho limtoke. Wapo wanaoipenda njia hiyo, na wapo wanaoichukia maisha yao yote. Katika fomu, mwalimu aliyetoa muhtasari safi wa kuandikwa daftarini husifiwa kwamba "alieleza vizuri", na yule aliyelirudisha swali kwa mwanafunzi huandikiwa kwamba "hakutufundisha, alituachia tujifundishe".

Mwaka 2019 watafiti wa Harvard walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika madarasa ya fizikia. Kundi moja lilisikiliza hotuba nzuri iliyopangwa vema, na jingine lilipewa mafumbo ya kuyafumbua lenyewe kwa msaada wa mwalimu. Walipopewa mtihani, waliohangaika na mafumbo walikuwa wamejifunza zaidi. Walipoulizwa walivyojiona, hao hao walisema wamejifunza kidogo kuliko wenzao. Akili inapofanya kazi ngumu mtu hujiona mjinga, na hotuba inapoteleza kama mafuta hujiona ameelewa. Kila sajini aliyewahi kufundisha kuruti kufungua na kufunga bunduki gizani anajua habari hiyo bila ya kwenda Harvard.

MWIGIZAJI NA BISKUTI

Fomu hizi si za jana. Katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, Hermann Remmers alitoa kipimo chake cha kuwapima wakufunzi mwaka 1927. Yeye na wenziwe walikusudia kumsaidia mwalimu ajione alivyo machoni pa wanafunzi wake. Kuitumia fomu kuamua kazi na cheo cha mtu ni matumizi yaliyoenea baadaye, vyuo vilipokuwa vikubwa na wakuu wake wakawa hawana nafasi ya kukaa nyuma ya darasa na kusikiliza.

Mashaka nayo ni ya zamani. Mwaka 1970 watu wa kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Southern California walimkodi mwigizaji, wakampa jina la Dokta Fox na sifa za kubuni, wakamweka mbele ya mkutano wa madaktari wa akili na wataalamu wengine azungumzie hesabu za michezo na mafunzo ya tiba. Hakujua lolote juu ya jambo hilo. Alifundishwa azungumze kwa uchangamfu, atie mzaha, ajipinge mwenyewe na asiseme kitu. Wasikilizaji walipojaza fomu walimsifu. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1973 na bado husimuliwa, ingawa ni haki kuongeza kwamba saa moja ya mkutano si sawa na muhula mzima. Mwigizaji huyo asingelifika juma la tatu bila ya kugundulika.

Jaribio jingine litawafurahisha wenye majiko. Mjini Münster, Ujerumani, wanafunzi wa udaktari waligawanywa katika vikundi 20. Nusu ya vikundi hivyo viliwekewa nusu kilo ya biskuti za chokoleti wakati wa kipindi, na nusu havikupewa. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2018, ni kwamba waliokula biskuti waliwapa walimu alama za juu zaidi, na hata vitabu vya somo waliviona bora, ingawa vilikuwa ni vile vile.

Biskuti ni kichekesho. Lisilochekesha ni habari ya walimu wa kike. Katika Chuo Kikuu cha jimbo la North Carolina, Marekani, watafiti watatu walitumia kozi iliyofundishwa kwa kompyuta tu, ambapo mwanafunzi hamwoni mwalimu wala hasikii sauti yake. Wakufunzi wawili, mwanamume na mwanamke, kila mmoja alifundisha kikundi kimoja kwa jina lake na kingine kwa jina la mwenziwe. Kazi zilisahihishwa na kurudishwa kwa wakati ule ule. Hata hivyo katika swali la kurudisha kazi kwa wakati, aliyedhaniwa mwanamume alipata wastani wa 4.35, na aliyedhaniwa mwanamke 3.55. Darasa lilikuwa dogo, watu 43 tu, kwa hiyo mtu asilichukue jaribio hilo peke yake kama msahafu. Lakini jambo lililoulizwa halikuwa la ladha. Lilikuwa la saa na tarehe. Mzazi aliyemsomesha binti yake mpaka akawa wakili na mhadhiri hana budi kulifikiria hilo.

MAKURUTI WA ANGA WA COLORADO

Ushahidi ulio mzito kuliko yote hayo umetoka chuo cha kijeshi. Karibu na mji wa Colorado Springs, Marekani, kipo Chuo cha Jeshi la Anga, ambapo vijana husomea shahada na uofisa kwa pamoja. Chuo hicho kina mambo matatu ambayo vyuo vya kiraia ni nadra kuwa nayo. Mwanafunzi hachagui mwalimu. Hupangiwa bila ya upendeleo. Wote huchukua masomo ya lazima yale yale, kutoka hesabu hadi uhandisi wa ndege. Na mtihani wa somo ni mmoja kwa madarasa yote. Kwa hiyo mtu aweza kumfuata mwanafunzi kutoka hesabu ya mwanzo mpaka masomo yanayoitegemea hesabu hiyo, akaona mwalimu wa kwanza alimwachia nini.

Wachumi wawili, Scott Carrell na James West, walifanya hivyo kwa wanafunzi zaidi ya 10,000, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2010. Walimu wasio na uzoefu mkubwa walitoa wanafunzi waliofanya vizuri katika mtihani wa somo lile lile, na wakapewa alama nzuri katika fomu. Walimu wenye elimu ya juu na uzoefu walipata alama ndogo zaidi za fomu. Lakini vijana walipofika katika masomo ya mbele, yale magumu yanayosimama juu ya msingi wa kwanza, waliofundishwa na walimu wazoefu ndio waliofanya vizuri zaidi, na waliofundishwa na wapendwa wa fomu ndio waliorudi nyuma. Yaani sifa za fomu zilikwenda sambamba na mtihani wa leo, zikapingana na mtihani wa kesho.

Sababu yake si fumbo. Mwalimu akijua mtihani utauliza nini, aweza kumnoa mwanafunzi kwa mtihani huo tu. Mwanafunzi hufurahi, alama hupanda. Jeshini jambo hilo linajulikana: kuruti aweza kufunzwa shabaha moja, umbali mmoja, asubuhi tulivu isiyo na upepo, akapiga katikati kila mara. Mkufunzi wake atasifiwa siku ya ukaguzi. Siku ya upepo ni hesabu nyingine.

SHAHIDI NA HAKIMU

Je, wanafunzi wanyamazishwe basi? La, na hilo lingekuwa kosa kubwa zaidi. Yapo mambo ambayo mwanafunzi peke yake ndiye anayeyajua. Mwalimu asiyefika darasani, anayechelewa nusu saa kila juma, anayerudisha kazi baada ya mtihani kwisha, anayemdhalilisha msichana mbele ya wenzake, anayesoma daftari la miaka kumi iliyopita bila ya kuinua macho, huyo mkuu wa kitivo aliye ofisini hamwoni. Anayemwona ni aliyeketi mbele yake. Fomu isiyo na jina humpa mnyonge nafasi ya kusema bila ya kuogopa kuangushwa.

Kila polisi anajua tofauti iliyopo kati ya shahidi na hakimu. Shahidi huulizwa aliona nini, saa ngapi, akiwa amesimama wapi. Haulizwi mshtakiwa afungwe miaka mingapi. Fomu nyingi huchanganya kazi hizo mbili. Huanza kwa kumwuliza mwanafunzi aliyoyaona, kisha humtaka atoe hukumu kwa tarakimu moja: "Kwa jumla, mwalimu huyu ni bora kiasi gani?" Tarakimu hiyo ndiyo inayokwenda mezani kwa wakuu.

Jambo hilo lilifika mbele ya mwamuzi wa kisheria huko Toronto, Kanada. Katika Chuo Kikuu cha Ryerson, ambacho tangu mwaka 2022 chaitwa Toronto Metropolitan, chama cha wahadhiri na uongozi walibishana kwa miaka juu ya matumizi ya fomu katika kupandisha vyeo. Juni 2018 mwamuzi William Kaplan, baada ya kusikiliza wataalamu wa takwimu, aliamua kwamba maoni ya wanafunzi ni ya thamani katika kueleza yaliyowapata darasani, lakini wastani wake usitumiwe kupima ubora wa ufundishaji katika mambo ya cheo na ajira ya kudumu. Mwaka huo huo Southern California, chuo kile kile cha Dokta Fox, nacho kilitangaza kuacha kuzitegemea fomu hizo katika kupandisha wahadhiri wake. Vyuo vingi vingine vingali vikitumia wastani kama zamani, kwa sababu ni rahisi, nao wakuu hupenda kitu kinachoingia katika safu moja ya jedwali.

DARASA LA PORT VILA

Lipo darasa moja la sheria ya kimataifa ya mazingira ambalo habari zake zinaonyesha umbali uliopo kati ya siku ya fomu na siku ya matunda. Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini ni mali ya nchi 12 za visiwa, na kitivo chake cha sheria kipo Port Vila, mji mkuu wa Vanuatu. Hiyo ni nchi ya visiwa 80 hivi na watu wapatao laki tatu, iliyozoea tufani kama vile watu wa bara walivyozoea masika. Tufani Pam iliipiga Machi 2015, na Harold Aprili 2020.

Mwaka 2019 wanafunzi 27 waliokuwa katika somo hilo walipewa na mhadhiri wao zoezi lisilo la mtihani: watafute njia ya kisheria yenye makubwa kuliko zote ya kupambana na mabadiliko ya tabianchi. Walipima njia mbalimbali, wakachagua moja ambayo nchi ya Palau ilikuwa imewahi kuijaribu mwaka 2011 bila ya kufanikiwa. Nayo ni kuliomba Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liiulize Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, Uholanzi, nchi zina wajibu gani kisheria juu ya hewa chafu inayoivuruga hali ya hewa, na zikivunja wajibu huo kinafuata nini.

Kwa kawaida zoezi la darasani huishia kabatini. Hao walianzisha chama cha wanafunzi, wakawaandikia barua viongozi wa nchi za Pasifiki. Serikali ya Vanuatu iliwasikiliza, na Septemba 2021 ikatangaza kwamba italibeba shauri hilo. Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya kubisha hodi nchi baada ya nchi. Mwanzoni mwa Machi 2023 tufani mbili, Judy na Kevin, zilipita Vanuatu katika muda wa siku chache. Tarehe 29 ya mwezi huo huo Baraza Kuu lilipitisha azimio bila ya kupinga nchi yoyote, likiwa limeungwa mkono na nchi 132 zilizoliwasilisha pamoja.

Desemba 2024 Mahakama ilisikiliza nchi 96 na mashirika 11 kwa muda wa majuma mawili. Siku ya kwanza alisimama mbele ya majaji Cynthia Houniuhi wa Visiwa vya Solomon, mmoja wa wale wanafunzi 27, ambaye sasa ni mwanasheria. Miongoni mwa majaji waliomsikiliza alikuwamo Julia Sebutinde wa Uganda, mhitimu wa sheria wa Makerere, wakati huo akiwa Makamu wa Rais wa Mahakama hiyo.

Maoni ya Mahakama yalisomwa tarehe 23 Julai, 2025, na majaji wote walikuwa kauli moja. Walisema kwamba nchi zina wajibu wa kisheria wa kulinda hali ya hewa, si kwa mikataba peke yake bali pia kwa sheria ya desturi inayozifunga nchi zote. Kwamba kuvunja wajibu huo ni kosa la kimataifa. Na kwamba nchi iliyodhuriwa yaweza kudai fidia ikithibitisha madhara na chanzo chake. Kanuni ya moshi wa Trail, kwamba nchi isimdhuru jirani kwa yale yanayotoka katika ardhi yake, ilisimama katikati ya hoja hizo. Maoni ya ushauri hayaifungi nchi kama hukumu ifungavyo, na wapo watakaoyapuuza. Lakini mahakama za nchi nyingi zitayanukuu, na wanaojadiliana mikataba watayaweka mezani.

Kati ya zoezi na maoni hayo imepita miaka sita. Mhula ule wa 2019 ulikwisha kama mihula yote inavyokwisha, kwa mtihani na vyeti, na hakuna fomu yoyote duniani yenye kisanduku cha kuandika kwamba somo litazaa matunda baada ya miaka sita. Kama mhadhiri angelichagua kuwapa muhtasari safi wa mikataba kumi, wakaukariri na kufaulu, huenda fomu ingelipendeza vile vile au hata kupita.

Katika vyuo vya sheria maoni hayo ya Mahakama, yenye aya 457, yamekuwa sasa ni sehemu ya somo lenyewe. Wapo wanafunzi watakaoyaona marefu na ya kuchosha, na mwisho wa muhula wataandika hivyo katika nafasi iliyoachwa chini ya fomu.